Karamu ya Dengu na Makaa

Habari mbaya ililetwa na mtu aliyekuwa bado anatafuna. Bwana Elijah Lomorukai, afisa katika mojawapo ya ofisi za kaunti pale Lodwar, alimaliza sahani ya wali, akajipakulia mchuzi mara ya pili, akapangusa kidevu, ndipo akamwambia Nabei, mpishi aliyezoea kumwita Mama Natasha, kwamba hicho ndicho chakula cha mwisho.

"Cha mwisho leo au cha mwisho kabisa?" Nabei aliuliza.

"Kabisa. Waraka umetoka. Tunabana matumizi. Hakuna tena chai ya kikao, hakuna chakula cha semina, hakuna hema, hakuna viti vya kukodi. Kila mtu atakuja mkutanoni na njaa yake."

"Na wewe umengoja ushibe ndio uniambie."

"Mama Natasha, habari kama hii huwezi kuitoa tumbo likiwa tupu. Ningelia."

"Ungelia ukiwa umeshika sahani," alisema Shiko, mpishi mwenzake Nabei, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu. Shiko alikuja Lodwar kutoka Nyeri kumtembelea dada yake kwa wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo.

Nabei hakulia. Alizaliwa Nakalale kwenye familia ya wafugaji, akasomea upishi Eldoret hadi akapata diploma, akarudi nyumbani na kuanza na jiko moja la mandazi kando ya barabara. Ofisi zilipoongezeka mjini, mikutano nayo iliongezeka, na kila mkutano ulihitaji chai saa nne na wali saa saba. Kwa chai hiyo na wali huo alinunua sufuria zake. Kubwa kuliko zote iliitwa Ngamia. Ilitoka Kitale juu ya lori, imefungwa kamba kama mfungwa, na iliposhushwa Lodwar watoto waliingia ndani wakajificha. Wanawake wawili wenye nguvu ndio walioweza kuiinua ikiwa tupu. Ikiwa imejaa, iliachwa ilipo na watu wakaifuata.

Sasa mikutano ilikuwa imekauka, na kila kitu kingine kilikuwa kimepanda bei. Mafuta ya kupikia yalikuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni. Mwenye duka jirani aliacha kuandika bei kwa kalamu, akawa anaandika kwa chaki, na kitambaa cha kufutia kikawa begani muda wote.

Habari za waraka zilifika Kitale kabla ya wiki kuisha, kwa sababu Morgan alipiga simu. Morgan alikuwa na hoteli kubwa kule, na alikuwa ameitamani Ngamia tangu siku alipoiona.

"Nasikia unauza sufuria," alisema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hawana sufuria. Mimi ndiye ninazo."

"Sawa, mama, usinichape. Jumatatu ya wiki ijayo napita Lodwar na lori tupu. Nikija na pesa taslimu, tutaongea?"

Nabei alifikiri. Alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, harusi ya Kakuma, Jumamosi inayotangulia Jumatatu hiyo. "Pita," alisema. "Nikipata hasara Kakuma, utazibeba zote na Ngamia juu. Nisipopata, utakunywa chai uende."

Alipokata simu, Shiko alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Zikienda sufuria, na sisi je?" Shiko aliuliza. Nyuma yake wale wanawake wengine wa jikoni walikuwa wameacha kuosha vyombo ili wasikie.

"Zikienda sufuria, mimi nitarudi kwa mandazi, na jiko la mandazi ni la mtu mmoja," Nabei alisema. Hakujua namna ya kulisema jambo hilo kwa upole, kwa hivyo alilisema lilivyo. "Basi tusizipoteze. Tafuta funguo za pikapu. Tunaenda Kakuma kuongea na bwana harusi."

*

Bwana harusi aliitwa Mawien. Alikuwa Mdinka aliyeletwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapo, na sasa alikuwa mwalimu katika shule ambayo watoto wa wakimbizi na watoto wa Waturkana wa jirani walikalia dawati moja. Bibi harusi alikuwa Sylviane kutoka Bukavu, Kongo, fundi wa kushona, mwenye cherehani yake sokoni. Mawien alikuwa amempa Nabei pesa za karamu miezi mingi nyuma, wakati mafuta yalikuwa bado ni mafuta. Kisha harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na pesa zile zikabaki pale pale huku bei zikiondoka.

Waliwakuta wote wawili penye cherehani.

"Mwalimu, nikupe pole kwanza au nikupe hesabu kwanza?" Nabei aliuliza.

"Nipe hesabu," Mawien alisema. "Pole nitajipa mwenyewe."

"Pesa zako zitatosha mafuta ya pikapu na ujira wa wapishi. Zitabaki za chumvi na viungo. Nyama hakuna. Wali hakuna."

Mawien alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mrefu kiasi kwamba hata akiwa amekaa, Shiko alimtazama akiwa ameinua kichwa. "Baba yangu mdogo yuko Juba," alisema. "Anasema kule ukipata mshahara unakimbia nao sokoni. Ukisimama njiani kusalimia mtu, umepoteza mkate. Nilikuwa namcheka."

"Hapa bado hatukimbii," Nabei alisema. "Tunatembea haraka tu."

"Basi tuahirishe mpaka bei zitulie."

Cherehani ilinyamaza. Sylviane alishusha kitambaa. "Bei zitulie? Mawien, hapana. Miye siahirishi tena. Hii robe nimeishona, nimeipunguza, mgao ukapunguzwa na miye nikapungua, nimeipunguza tena. Tukingoja bei zitulie, siku ya harusi nitavaa kamba."

Shiko alicheka hadi akashika meza. Mawien naye alianza kucheka, ingawa hakutaka.

Nabei hakucheka kwa sababu alikuwa anafikiri. "Mko na marafiki?" aliuliza.

"Marafiki ndio tulio nao," Mawien alisema.

"Na majirani wa kijiji hapo ng'ambo ya laga?"

"Nawafundisha watoto wao. Mama Achai peke yake ana wanne darasani kwangu."

"Basi sikiliza. Mimi naleta sufuria, moto wa kuanzia, chumvi, viungo na mikono. Wageni walete chakula. Usiwaambie walete pesa, pesa zitafika zimechoka. Waambie kila mtu alete kitu cha karamu kutoka nyumbani kwake. Nitapika kitakacholetwa, na kitakachobaki ndicho faida yangu."

Sylviane aliruka akamkumbatia, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye blauzi. Wakiwa njiani kurudi Lodwar, walipopita vichaka vya mathenge, Shiko alisema:

"Ungewagawia. Huyu wali, huyu nyama, huyu vitunguu."

"Watu wazima hawagawiwi kama watoto wa chekechea."

"Mimi nimesema tu."

"Na mimi nimesikia tu."

*

Siku ya harusi waliingia Kakuma jua likiwa bado changa, Ngamia ikiwa ndani ya pikapu mdomo juu na sufuria ndogo zikiwa ndani yake kama watoto wa kanga. Nabei alichagua mahali pa jikoni nyuma ya kanisa la mabati, akachimba vishimo vya moto, akafunga leso kiunoni. Wageni walianza kufika.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja Mkongomani na mfuko mweupe. Alipoufungua, zilikuwa dengu za njano. Nabei alimshukuru. Wa pili alikuwa kijana wa Kidinka, mwalimu mwenzake Mawien, naye alileta dengu. Akaja Mburundi na dengu. Wakaja wasichana wa kwaya, kila mmoja na gorogoro yake ya dengu, kopo la kupimia lililofunikwa kwa kitambaa cha maua, kila mmoja akitabasamu kwa siri kama aliyeleta kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria.

"Mgao ulitolewa juzi," Shiko alisema taratibu.

"Naona."

"Inaonekana walipewa dengu."

"Shiko, naona."

Ndipo majirani wa ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu, walipotokea, wanawake wa Kiturkana kwa mstari mmoja, shanga shingoni, shuka mpya, na mizigo kichwani. Nabei alisimama wima. Moyo wake ulienda kwa mbuzi, kwa maziwa, hata kwa unga wa mtama. Mbele ya mstari alikuwa Achai, mama wa watoto wanne wa darasani kwa Mawien, mwenye sauti ya kuita ngamia. Alitua mzigo wake miguuni mwa Nabei kwa fahari. Ulikuwa gunia la makaa.

"Ejok, mama," Achai alisalimu.

"Ejok noi," Nabei aliitikia, akitazama gunia la pili likituliwa, na la tatu, na mengine nyuma yake, hadi nyuma ya kanisa kukawa na kilima cheusi.

Hakuweza kumlaumu mtu. Tangu kambi iwepo, wanawake hao walipeleka makaa kambini na kurudi na unga au dengu. Kila karamu waliyowahi kuiona upande ule iliwaka kwa makaa yao. Walipoambiwa walete kitu cha karamu kutoka nyumbani, walileta kile ambacho bila hicho hakuna karamu. Na watu wa kambi nao walitoa bora walichokuwa nacho kabatini. Kosa lilikuwa la yule aliyesema watu wazima hawagawiwi, naye alikuwa amefunga leso kiunoni.

"Tuna moto wa kuchemsha Ziwa Turkana," Shiko alisema. "Na dengu za kulijaza."

"Sema ulivyosema njiani, tumalize."

"Sitasema. Nitakaa nalo tu, linapendeza."

Kabla Nabei hajajibu, alifika baba mdogo wa Mawien kutoka Juba, mzee mrefu kuliko Mawien mwenyewe, amevaa suti ya rangi ya samli na amebeba begi la michezo lililojaa hadi zipu ikalia. Alilifungua mbele ya Nabei. Lilikuwa limejaa noti za pauni za kwao, mafungu kwa mafungu, zimefungwa kwa mpira.

"Binti, hiki ni cha karamu," alisema.

"Mzee, hizi zinanunua nini?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Nilipoondoka Juba zilinunua ng'ombe dume. Nilipofika mpakani, labda mbuzi. Hapa nimeuliza kwa mtu wa kubadilisha pesa, akaniuliza kama ninauza na begi."

Nabei aliketi juu ya gunia la makaa. Harusi ingeanza saa nne, na wageni wangetoka kanisani wakiwa na njaa. Akilini mwake Morgan alikuwa tayari ameketi mle ndani ya pikapu, ingawa yuko Kitale, akiipapasa Ngamia. Sylviane alikuja mbio kutoka nyumba ya jirani, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Alitazama kilima cha makaa, akatazama safu ya mifuko ya dengu.

"Mama," alisema, "batu wangu wote wameleta dengu?"

"Wote."

"Hakuna hata mumoja alileta kitunguu?"

"Mmoja alileta mzizi wa tangawizi. Nimemweka kando nimuombee."

Sylviane alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa kando ya Nabei juu ya gunia na shanga za msukoni zikidondoka. "Miye nakula dengu tangu nifike Kakuma," alisema. "Hata harusi yangu zimeisikia zikakuja."

Kicheko hicho ndicho kilichomwinua Nabei. Aligonga vumbi la makaa kutoka kwenye sketi. "Rudi ukasukwe upande wa pili," alimwambia. "Shiko, mwambie mchungaji ahubiri polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Mpaka utakapomfanyia ishara na mwiko dirishani."

Mchungaji, alipoombwa, alishika kifua. Katika miaka yake yote ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kumwomba arefushe.

*

Nabei alimwita Achai. "Dada, nisaidie kupakia makaa yako kwenye pikapu. Si yote. Nusu."

"Unarudisha makaa yangu?" Achai alikunja uso. "Hiyo makaa iko na shida? Ni ya mathenge, inawaka mpaka kesho."

"Ni mazuri mno, hiyo ndiyo shida. Twende sokoni tukayaonyeshe."

Kwenye soko la kambi kulikuwa na hoteli ya mama mmoja Msomali aliyeuza wali na nyama mchana kutwa. Nabei alimkuta mlangoni akigombana na mwuza makaa kuhusu bei.

"Jana si hivi," mama yule alikuwa akisema. "Juzi si hivi. Wewe unapandisha ukiwa unatembea?"

"Mama, acha huyo," Nabei alimwambia. "Njoo uone pikapu yangu. Sitaki pesa."

Neno hilo lilimfanya mama wa hoteli ageuke. Mwuza makaa naye aligeuka, kwa uchungu. Waliizunguka pikapu. Achai alivunja kipande cha kaa mbele yao ili mlio wake usikike, mlio mkavu kama kigae, na kuinua kidevu.

"Magunia haya kwa mchele na mafuta," Nabei alisema.

"Mchele kiasi gani?"

"Wa kulisha harusi."

"Harusi ya nani?"

"Mwalimu Mawien."

"Yule mrefu?" Mama wa hoteli aliita ndani kwa Kisomali, na binti yake akatokea na daftari la shule mkononi. "Huyu hesabu ilikuwa inamshinda. Sasa ananishinda mimi." Alipanda nyuma ya pikapu mwenyewe, akalipiga gunia kofi kama anayepima tikiti maji. "Chukua mchele. Chukua mafuta. Vitunguu viko nyuma, vichukue pia, lakini mimi nakuja kula."

"Njoo na wote walio jikoni."

"Kwani nitawaachia nani? Leo nafunga hoteli."

Walirudi pikapu ikinesa. Kanisani kuimba kulikuwa kumeisha, na sauti ya mchungaji ilikuwa imefika safina ya Nuhu na haikuonyesha haraka ya kutoka. Shiko alikuwa amekwisha kuosha dengu na kuziweka motoni. Kilichobaki ni nyama.

Nabei alimgeukia Achai. Sasa alikuwa mtoto wa Nakalale, si mama wa Lodwar mwenye diploma, na alijua anachokwenda kuuliza. "Mbuzi za kwenu ziko wapi?"

"Lagani. Zinakunywa."

"Nipe mbuzi za karamu. Hapa kuna dengu nyingi kuliko tutakazokula. Sema unataka gorogoro ngapi kwa kila mbuzi."

Achai alimtazama, akagonga ulimi. "Wewe ni wa Nakalale?"

"Nakalale."

"Na unaniuliza bei." Aliwageukia wenzake, akasema kitu kwa Kiturkana, nao wakaangua kicheko. "Mbuzi leo ni hii, kesho ni ile. Mfanyabiashara anakuja asubuhi na bei, jioni anakuja na ingine. Mimi nimechoka na bei. Siuzi."

Achai aliendelea:

"Nakupa. Mimi naleta mbuzi, hawa wanaleta wao. Sasa wewe ni mtu wangu. Siku nikiwa na shida, nitakuja kwako kuomba, na hutaniambia bei."

"Sitakuambia."

"Na hiyo dengu," Achai alisema, akiitazama mifuko kwa jicho la pembeni, "mtu wangu hawezi kuniacha niende nyumbani mikono mitupu."

"Hawezi," Nabei alisema, naye akacheka sasa, cheko la kwanza tangu waraka ule. Kwa hesabu ya soko ilikuwa biashara ile ile aliyoitaka yeye. Lakini kwa hesabu ya kwao alikuwa amepata ndugu, na ndugu hashuki thamani kutoka asubuhi hadi jioni.

Mbuzi zilikuja kutoka lagani zikipiga kelele, wanaume wa Kiturkana wakazichinja na kuzigawa kwa namna yao, kila kipande kwa anayestahili, na Nabei aliacha paja la wazee bila kuuliza. Nyama iliyobaki iliingia ndani ya Ngamia pamoja na vitunguu na ule mzizi mmoja wa tangawizi. Harufu iliposambaa, ilipenya kwenye nafasi za mabati ya kanisa, na ndani watu wakaanza kugeuza shingo. Shiko alikwenda dirishani akainua mwiko. Mchungaji alimwona, akahuzunika kidogo, akasema amina.

*

Walikula pilau, walikula dengu zilizopikwa na nyama ya mbuzi na pilipili ya Waethiopia, ambayo jirani wa hoteli aliileta baada ya kunusa. Watu waliokula dengu miaka yote walimwuliza Nabei jina la chakula kile. "Dengu," aliwaambia, na wengi hawakumwamini.

Kisha wakacheza. Wadinka waliruka, Waturkana nao wakaruka, na ubishi ukazuka juu ya nani anaruka zaidi. Mama wa hoteli aliwekwa kuwa mwamuzi kwa kuwa hakuwa wa upande wowote, na akatoa ushindi kwa Mawien kwa sababu, alisema, yeye hata akisimama ameruka. Achai alikata rufaa kwa sauti ya kuita ngamia.

Zamu ya Wakongomani ilipofika, redio ilifunguliwa rumba, na Sylviane akaingia katikati na ile robe iliyopunguzwa mara mbili. Kwao mtu akicheza vizuri hutuzwa noti paji la usoni. Wageni walitazamana, maana nani alikuwa na noti ya kutupa wakati kama huu? Ndipo baba mdogo akasimama na suti yake ya samli, akachukua begi lake la michezo, na zipu ikalia.

Alibandika noti moja, kisha kumi, kisha akaona kazi ni kubwa akaanza kugawa mafungu kwa wageni. Kila mtu alipewa fungu. Wasichana wa kwaya, wanaume wa Kiturkana, mama wa hoteli na binti yake, Shiko na mwiko wake, wote walimzunguka bibi harusi wakimmwagia pesa kama mawaziri waliopagawa. Noti zilipaa, zikatua kwenye nywele, zikanasa kwenye shanga, watoto wakazikusanya na kuzitupa tena. Katika kambi yote, katika miaka yote, hakuna bibi harusi aliyewahi kutuzwa kiasi kile.

"Kweis, vizuri," mzee alisema, akipangusa macho na begi tupu begani. "Leo zimenunua kitu."

*

Jumatatu Morgan alifika Lodwar na lori lake tupu. Alisimama kwenye lango la jiko la Nabei, akashindwa kupita. Njia ilikuwa imezibwa na magunia ya makaa yaliyobaki, ambayo yangetosha jiko lile mwezi mzima, na mbuzi watatu waliobaki bila kuchinjwa walikuwa wamefungwa kwenye mti wa mkoma, mmoja akitafuna ule waraka wa kubana matumizi ambao Shiko alikuwa ameubandika mlangoni. Ngamia ilikuwa motoni.

"Sasa hii ni nini?" Morgan aliuliza.

"Faida," Nabei alisema. "Kaa unywe chai."

"Na sufuria?"

"Chai haina ndimu leo, utavumilia?"

Morgan alielewa. Aliketi, akapewa chai na mandazi, akaitazama Ngamia kama mtu anayetazama mchumba wa mwenzake. Pembeni yake alikaa Achai, aliyefika na gari la asubuhi. Hakukawia kuja kuomba. Mwanawe wa kwanza alikuwa anaoa mwezi ujao, na alitaka karamu kama ile, na hakutaja bei, wala Nabei hakuitaja. Mama wa hoteli ya Kakuma naye alikuwa ametuma ujumbe kuhusu harusi ya mpwa wake, na kwaya walitaka jambo lao. Wanawake wa jikoni walikuwa wakiosha vyombo kwa kelele kubwa kuliko kazi ilivyohitaji, na mmoja wao alikuwa anaimba.

Kabla ya saa nne gari la Bwana Lomorukai lilisimama nyuma ya lori. Alishuka akitabasamu kwa aibu.

"Mama Natasha, nimesikia mambo ya Kakuma."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu. Sasa, kesho tuna kikao cha bajeti, cha siku nzima, na wenzangu wamesema hawawezi kupunguza matumizi ya kaunti wakiwa na njaa, mkono unatetemeka. Waraka haujakataza mtu kuja na chakula chake. Tumekubaliana kila afisa achange kitu kutoka nyumbani, wewe utupikie, na kila mmoja akulipe kidogo kwa kazi ya mikono yako kutoka mfukoni mwake. Hiyo ni sawa?"

"Ni sawa."

"Basi nimekuja navyo." Alikwenda nyuma ya gari kufungua buti, akiwa na fahari ile ile ya wasichana wa kwaya.

"Ngoja," Nabei alisema. Alipangusa mikono kwa leso, na Shiko, kando ya Ngamia, akaacha kukoroga ili asikie vizuri. "Kabla hujafungua hapo, Bwana Lomorukai. Vitunguu analeta nani?"

Mkono wa afisa ulibaki juu ya buti. Alifikiri, na kadiri alivyofikiri, tabasamu lilimtoka polepole.

"Kila mtu alisema ataleta kitu kidogo," alisema.

"Fungua tu."

Alifungua. Ndani kulikuwa na mfuko wa maharagwe, juu ya mfuko wa maharagwe, kando ya katoni ya maharagwe, na kwenye kona kikopo kimoja kidogo ambacho Nabei alikiinua, akakitikisa, akakisikiliza. Yalikuwa maharagwe.

Shiko alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika.

"Makaa tunayo," Achai alisema kutoka kitini, kwa upole.

Nabei alichukua kipande cha kaa kutoka guniani, akakishika kama chaki, akasimama mbele ya ukuta mweupe wa jiko lake. "Leta majina ya ofisini kwako," alisema. "Tunaanza na wewe. Wewe ni vitunguu."